Kati ya Aya ya Tatu na ya Nne

Jumamosi ile Mzee Aya aliingia darasani na mfuko wa mikasi, akaumimina mezani kwa kishindo, kisha akasimama kuwatazama wanafunzi wake kwa raha ya mtu aliyeficha jambo. Wengi walicheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa na insha yake mkobani, kurasa sita, na tangu asubuhi hakuwa ameufungua mkoba huo.

Mzee Aya alikuwa mwalimu wa uandishi katika chuo cha uuguzi. Jina lake lilikuwa kwenye ratiba ila hakuna aliyelitumia, kwa sababu tangu aanze kufundisha alikuwa na wimbo mmoja tu: aya, aya, aya. Aya moja, jambo moja; ukiingiza la pili, la kwanza linatoka mlangoni. Alikuwa mpole, hakuwahi kumfokea mtu, lakini kalamu yake nyekundu haikujua ndugu wala rafiki.

Mama Pacha naye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote darasani. Miaka kumi na miwili alikuwa muuguzi msaidizi wa wodi ya vichanga. Alikuwa na mabinti mapacha wa miaka tisa, na jina hilo lilikuwa limemganda mpaka hospitalini wakaliandika kwenye karatasi ya zamu. Alikuja chuoni kila Jumamosi ili apande daraja. Mitihani alikuwa ameshinda yote. Ilibaki insha ya mwisho, ya kueleza tukio moja la kazini lililokufunza. Chuo kingeisahihisha, na nakala ingepelekwa kwa mwajiri.

Tukio lenyewe hakulichagua yeye. Msimamizi wa wauguzi alimkuta kwenye ukumbi mwembamba wa hospitali, akamwekea mkono begani.

"Andika ile ya nukta," alimwambia. "Ulikuwepo, uliona kwa macho yako. Ikitoka vizuri tutawasomea wauguzi wapya."

Mtu hamkatalii msimamizi, hasa yule aliyetia sahihi fomu yako ya kwenda kusoma. Mama Pacha aliitikia vizuri, akaingia msalani, akafungulia bomba ili asisikike akitapika.

Habari ya nukta kila mtu pale aliijua. Mwaka mmoja nyuma, kichanga kilichozaliwa kabla ya siku zake kiliandikiwa sindano: miligramu saba nukta tano, mara moja kwa siku, jioni. Zamu ya jioni alikuwa Bi Funguo, muuguzi mkongwe aliyepewa jina hilo kwa sababu ya funguo za kabati la dawa alizozivaa shingoni miaka ishirini. Bi Funguo alidunga miligramu sabini na tano. Akadunga hivyo jioni tatu. Siku ya nne asubuhi daktari akagundua. Mtoto hakufa. Alipona, akanenepa, akaenda kwao, na baadaye ikajulikana kwamba hasikii. Kamati ikakaa, ikafungua daftari la dawa, ikaiona nukta palepale: saba, nukta, tano. Bi Funguo aliapa kwamba siku zile haikuwepo. Akapewa daftari alishike mwenyewe. Aliitazama ile nukta muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba labda macho yameanza kumdanganya. Akaachishwa kazi.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana, na hivyo ndivyo Mama Pacha alivyoiandika, kwa aya nane.

Mzee Aya alieleza kazi ya mikasi. Kila mtu aikate insha yake, kila aya kipande chake, avichanganye vipande kama karata, kisha ampe jirani yake avipange. Jirani akishindwa kujua kipi kinafuata kipi, kosa si lake, ni la mwandishi.

Jirani wa Mama Pacha alikuwa binti wa maabara ya hospitali ileile, msichana mchangamfu aliyetaka kuhamia wodini, mwenye ulimi usiojua kupumzika na macho yaliyozoea hadubini. Mama Pacha alianza kukata. Mkasi ulimponyoka mara mbili, aya ya sita ikatoka na ukingo wa mawimbi, na binti akamtania kwamba kumbe sifa za mikono ya wauguzi wa vichanga ni uzushi mtupu.

Binti alivipanga vipande haraka. Kila kipande kilipokaa mahali pake Mama Pacha alivuta pumzi kidogo. Aya ya kwanza, wodi na watu wake. Ya pili, daktari anaandika dawa, Mama Pacha anaihamishia kwenye daftari. Ya tatu, asubuhi ya siku ya nne: daktari anapaza sauti, daftari liko juu ya kitoroli cha dawa karibu na dirisha, watu wote wanamkimbilia mtoto. Ya nne, kamati, daftari mezani, nukta.

Hapo binti alisimama. Aliweka kidole kwenye kila kipande, akavisogeza vikakaribiana, akavitenganisha tena.

"Dada, hapa kuna pengo," alisema. "Huku daftari liko dirishani. Huku liko mbele ya kamati. Nani alilichukua?"

Masikio ya Mama Pacha yalianza kuvuma. Alijibu kwamba hakumbuki, yeyote tu, kwani lina umuhimu gani. Binti akasema msomaji lazima atauliza, maana yeye mwenyewe ameuliza na wala hata halimhusu. Kisha akacheka, akaendelea na aya ya tano. Mama Pacha alibaki akikitazama kile kipande cha meza kilichoonekana kati ya karatasi mbili. Hakikuzidi upana wa kidole.

Aliyelichukua daftari ni yeye.

Asubuhi ile, wenzake walipokuwa wamejazana kwenye kitanda cha joto, yeye alibaki hatua tatu nyuma. Aliliona daftari limefunguka. Aliuona mwandiko wake. Saba na tano zilikuwa zimekaa pamoja, hakuna kitu katikati. Labda kalamu ilikwama. Labda kuna mtu alimwita kabla hajainua mkono. Hakumbuki hata leo, na hilo la kutokumbuka lilimtesa kuliko mengine. Alichokumbuka ni kalamu ya buluu mfukoni mwake, ileile aliyoandikia. Nukta haichukui muda. Alilishika daftari, akageukia dirisha, akaitia, kisha akalipeleka mwenyewe ofisini kwa msimamizi, na akasifiwa kwa akili ya haraka ya kuutunza ushahidi.

Bi Funguo hakumjia akilini hata kidogo. Alijifikiria yeye, na mapacha, na kazi. Bi Funguo alimjia siku ya kamati, alipomwona yule mama aliyemfundisha kushika sindano akikisogeza kichwa mpaka karibu na karatasi, akiitafuta nukta ambayo siku zile haikuwepo. Mama Pacha alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Maji yalikuwa yameshamwagika, na kila siku iliyopita baada ya hapo iliyafanya yawe mengi zaidi.

Nyumbani, mumewe alikuwa fundi saa. Alifanyia kazi chumba cha mbele, kioo cha kukuzia kimembana jichoni na visahani vya skrubu ndogo kuliko mbegu za mchicha vimepangwa mbele yake. Mtu mwenye mizaha. Mkewe alipoijaza meza ya chakula vipande vya karatasi Jumapili nzima, fundi alisema kwamba insha hii ingekuwa mwanamume, angeshaipeleka kwa wazee wa ukoo ijieleze. Mama Pacha akatabasamu kwa midomo tu.

Alikuwa akitafuta namna ya kuziba pengo. Kwanza aliziunganisha aya ya tatu na ya nne zikawa moja ndefu, na pale katikati akaandika: daftari lilipelekwa ofisini. Lilipelekwa. Bila mpelekaji. Aliisoma mara tatu, na kila mara jicho lilinasa kwenye neno hilohilo kama nguo kwenye mwiba. Akaifuta. Akajaribu kuanzia kwenye kamati, ili msomaji akutane na nukta tangu mwanzo, aizoee, asiwe na sababu ya kuuliza imetoka wapi. Ikawa mbaya zaidi. Nukta ilikuwa inatangulia mkono ulioiandika.

Ndipo akakumbuka aya ya mtoto. Ilieleza siku ambayo mama yake alimleta kliniki, akasimama nyuma yake na sufuria na kijiko, akagonga, akagonga tena kwa nguvu, na mtoto akaendelea kuchezea kifungo cha shati lake. Mama Pacha alikichukua kipande hicho, akakipaka gundi, akakibandika katikati ya aya ya tatu na ya nne. Msomaji akifika hapo moyo utamwuma. Nani atakumbuka kuuliza habari za daftari. Alikuwa ameshakikandamiza kwa kiganja alipoelewa anachokifanya. Anamtumia mtoto yule kama pazia. Alikibandua kwa pupa, karatasi ikachanika, na mmoja wa mapacha aliyekuwa akipita akamwuliza mama mbona unachana insha. Akamtuma akakunje nguo.

Wiki hiyo hofu ilihamia mwilini kabisa. Wodini alisoma kila dozi mara nne, akamwita mwenzake aisome, kisha akairudia tena mwenyewe. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Na msimamizi kila wakikutana alimwuliza insha imefika wapi.

Jumatano asubuhi walikuwa wamesimama hivyo, yeye na msimamizi, mlangoni mwa wodi, binti wa maabara alipopita na trei ya vichupa vya damu. Hakusimama hata. Aliuliza tu kwa uchangamfu wake, akiwa anatembea, kama lile pengo limezibwa.

Msimamizi akataka kujua pengo gani. Binti akarudi hatua mbili, akaeleza vizuri, kama mtu anayesaidia: daftari lilikuwa dirishani, halafu likawa kwenye kamati, na haijulikani nani alilichukua. Mama Pacha aliushika mlango. Aliona midomo ya msimamizi ikijikunja, ikifikiri, na kwa muda ule mfupi alijiona tayari akitoka nje ya geti la hospitali na mfuko wa nailoni wenye viatu vyake vya kazi.

"Si wewe uliyeniletea?" msimamizi alisema, akacheka. "Basi andika. Usione haya kujisifu."

Mtu mwingine angeshusha pumzi. Mama Pacha ndiyo kwanza hofu yake ilipata meno. Sasa angeweza kuandika ukweli mtupu, kwamba yeye ndiye aliyelibeba daftari, na pengo likazibika, na akasifiwa mara ya pili. Lakini karatasi hiyo ingesomwa kila mwaka mbele ya wauguzi wapya, na ipo siku mmoja wao, mwenye macho kama ya binti huyu, angeuliza: alilibeba peke yake? Na asipouliza mtu, je? Hilo nalo lilimwogopesha. Angezeeka akisomewa uongo wake mwenyewe kwa sauti nzuri.

Ijumaa, baada ya zamu, alikwenda kwa Mzee Aya. Ofisi yake ilikuwa chumba cha kuhifadhia viti vibovu. Mzee alikuwa ameketi katikati yao akichonga penseli kwa wembe. Mama Pacha alijidai ana swali la kawaida. Kama kuna jambo lisilopendeza, ambalo mwandishi hapendi lionekane sana, linaruhusiwa kuwekwa katikati ya aya?

Mzee alisema linaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo. Mwanzo wa aya na mwisho wake ndipo macho ya msomaji hutua. Katikati ni kichaka, na mwenye kitu cha kuficha hukificha huko. Alisema hivyo bila kuinua uso, akipuliza unga wa penseli, lakini Mama Pacha alihisi kijasho chembamba kikimtelemka mgongoni. Akauliza tena. Na kama jambo lenyewe halikai popote? Ukiliweka mwanzo linavuruga, ukiliweka katikati linachomoza, ukiliweka mwisho linafuta yote yaliyotangulia?

"Basi usiseme halina mahali," alijibu Mzee Aya. "Insha yote umeijenga ili lisipate mahali. Hapo hupangi upya, mama. Unaandika upya."

Alikuwa na uhakika kwamba mzee amejua. Mzee hakujua chochote; maneno hayo aliwaambia wanafunzi kila mwaka, kwa habari za namna zote. Alimwongezea siku kumi, akamsihi ale kidogo maana amekonda.

Mama Pacha aliandika aya hiyo siku ileile, kwenye benchi la chuo, kabla hajaghairi. Ilikuwa na sentensi nne. Aliikunja, akaiweka ndani ya kiatu, kwa sababu mkobani mapacha hupekua wakitafuta peremende. Alitembea nayo mpaka nyumbani, akamkuta mumewe amefungua saa ya ukutani, akampa aisome.

Fundi saa aliisoma na kioo jichoni. Akakitoa, akaisoma tena. Akauliza nani mwingine anajua.

"Wewe," alisema Mama Pacha.

Alikuwa mtu wa mizaha, lakini hapo haukutoka hata mmoja. Aliinuka akafunga dirisha, mchana ule wa joto. Akasema kwa sauti ya chini kwamba karatasi hiyo ichomwe sasa hivi. Bi Funguo ameshazoea, mtoto hatasikia hata aya ziwe mia, na wao wana watoto wawili; ukitaka kuutua mzigo, angalia kwanza utamwangukia nani mguuni. Mama Pacha hakubishana. Kila alilosema mumewe alikuwa ameshajiambia mwenyewe mwaka mzima, tena kwa maneno mazuri zaidi.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu, wakati wa chai ya asubuhi, mumewe aliuliza Bi Funguo anakaa wapi siku hizi. Kama ni lazima lisemwe, alisema, basi lisianzie kwa wageni. Alikitazama kikombe chake akiwa anasema, na Mama Pacha akaona kwamba naye anaogopa, na kwamba ameshakubali.

Bi Funguo alikuwa anakaa kwa binti yake, nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mama Pacha alifika saa tisa alasiri. Mara mbili aliipita nyumba akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi. Mara ya tatu mlango ulikuwa wazi na mwenyewe amesimama hapo, amevaa miwani minene iliyomfanya aonekane kama anayechungulia kutoka majini.

Alimpokea kwa mikono miwili. Karibu mwanangu, pacha hawajambo, fundi hajambo, mbona umetupa jongoo na mti wake? Akamkalisha, akamletea maji. Mjukuu wake mdogo alikuwa anakohoa kitandani, na kabla Mama Pacha hajaanza lolote, Bi Funguo alimletea chupa ya dawa ya kifua na kijiko.

"Nimiminie wewe," alisema. "Mimi siku hizi sipimi dawa."

Mama Pacha alipima, akamnywesha mtoto, akakirudisha kijiko. Kisha akavua kiatu, akaitoa karatasi, akasema ni aya ya insha yake ya chuo, akaisoma akiwa amesimama, kwa kuwa alijua akiketi hataimaliza:

"Nukta iliyo katika daftari la dawa niliitia mimi, siku ya nne asubuhi, baada ya mtoto kudungwa mara tatu. Kabla ya hapo haikuwepo. Bi Funguo alidunga nilichoandika. Macho yake hayakuwa na kosa."

Nje, mchomeleaji alikuwa anagonga bomba. Aligonga, akanyamaza, akagonga.

"Isome tena," alisema Bi Funguo.

Aliisoma tena. Bi Funguo aliketi taratibu ukingoni mwa kitanda. Mikono yake ilikwenda shingoni, mahali palipokuwa na funguo, ikakuta hamna kitu, ikashuka. Mama Pacha alingoja kofi, au laana, au kilio. Alikuwa amejiandaa kwa vyote hivyo.

"Fundi wa miwani aliniambia macho yangu mazima," Bi Funguo alisema mwishowe. "Nikambishia. Nilimbishia mpaka akanipa hii ili nimtoke."

Akaivua. Akaikunja na kuikunjua mikono ya miwani, kama mtu anayechunguza kitu cha mtu mwingine. Alisema kichwa kimemwuma mwaka mzima. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazini, ile aliyokuwa akiulizia halijoto ya mtoto, hayo maneno yako kwenye aya ya ngapi.

"Ya kwanza," alisema Mama Pacha.

"Yaache hapohapo. Na usiniombe msamaha leo. Nitakutukana, na mjukuu wangu yuko macho."

Mama Pacha alitoka akiwa na kiatu kimoja mkononi. Alikivaa barabarani, akaegemea ukuta wa karakana.

Insha aliiandika upya yote, kwa aya tano. Alipoiweka ile ya sentensi nne mwanzoni, nyingine zilijipanga bila kusukumwa. Hapakuwa na kitu cha kukwepa tena. Hofu haikupungua. Nakala moja alimpa Mzee Aya, ya pili akampelekea msimamizi mkononi, asije akaisoma katikati ya wauguzi wapya akadhani ni mzaha.

Msimamizi alianza kusoma akiwa amesimama dirishani. Hakuvuka aya ya kwanza. Alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, akaketi, akauliza kama anajua alichompa. Mama Pacha akasema anajua. Msimamizi akamwambia aufunge mlango akiwa upande wa nje.

Yaliyofuata yalichukua miezi. Kamati ilikaa tena, wajumbe walewale, daftari lilelile. Mmoja wao aliinua ukurasa akautazama kwenye mwanga, na safari hii akaona kwamba wino wa nukta umekolea kidogo kuliko wa tarakimu, kama uliokandamizwa. Mama Pacha alisimamishwa uuguzi miaka miwili, cheti cha chuo kikazuiwa, na jalada likapelekwa polisi, ambako lilikaa. Kila mlango ulipobishwa alishtuka mpaka mapacha wakajifunza kubisha kwa kuimba. Mumewe alifungua saa za watu tangu kunapopambazuka, na mizaha yake ikarudi kidogokidogo, kama mgonjwa anayejaribu kutembea. Mzee Aya aliisahihisha insha kama nyingine zote. Kwenye aya ya kwanza hakuweka alama yoyote nyekundu. Kwenye ya tatu aliandika kwamba humo mna mambo mawili, atenganishe.

Bi Funguo aliandikiwa barua ya kurudi. Alirudi. Walipompa funguo alikataa, akawaambia wampe mwenye shingo changa, yeye atapima dawa tu. Alipokutana na Mama Pacha sokoni alimwitikia salamu, akauliza hali ya pacha, akaendelea na safari yake. Hilo la msamaha halikuguswa, na Mama Pacha hakuligusa.

Mama wa mtoto aliitwa hospitalini akaelezwa. Baada ya wiki mbili alituma ujumbe: anataka kumwona huyo aliyeandika.

Mama Pacha alikwenda peke yake. Ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi nyembamba zilizonuka sabuni. Alibisha. Mlango ulipofunguliwa alimwona kwanza mtoto, ameketi sakafuni amewapa mgongo, akipanga vifuniko vya chupa mstari mmoja mrefu. Hakugeuka.

Mama yake alikuwa mwanamke kijana, macho makavu. Alimwonyesha kiti. Akamwambia anataka kusikia yote tangu mwanzo, kwa mdomo wake, si kwa karatasi. Mama Pacha alimtazama mtoto, akasitasita.

"Sema tu mbele yake," alisema yule mama. "Hasikii."

Akasema. Alianzia kwenye kalamu, akaendelea kwa mpangilio, siku kwa siku, mpaka dirishani, mpaka kamati. Yule mama hakumkatiza. Alipomaliza, vifuniko vilikuwa bado vikigongana sakafuni.

"Ungeitia siku ya kwanza, angesikia?"

Mama Pacha alijua majibu mengi ya hospitali kwa swali kama hilo, ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao na udhaifu wao.

"Nadhani angesikia," alisema.

Yule mama aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, polepole. Akainama, akamnyanyua mtoto, akamfuta vumbi magotini. Alisema baba yake mtoto yuko safarini na hajui lolote bado. Anarudi mwisho wa mwezi. Ni mtu mkali.

"Uje tena," alisema. "Umweleze kama ulivyonieleza. Mimi sitaweza."

Mama Pacha akasema atakuja. Aliteremka ngazi akiushika ukuta kwa viganja vyote viwili, na nyuma yake, juu, alisikia vifuniko vikianza kupangwa upya.